Simu Isiyo na Google Inapokataliwa na Gari: Utatuzi wa Matatizo na Gharama Yake kwa Faragha

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeweka GrapheneOS, mfumo wa Android uliojengwa kwa ajili ya faragha na usalama, kwenye simu yake ya Pixel, au mfumo mwingine usiotegemea Google, na ambaye sasa anataka ramani, muziki na mazungumzo ya simu vipitie skrini ya gari anapotoka Nakuru kwenda Kisumu. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa dereva huanza na kile anachokiona: skrini imekaa kimya, sauti haitoki, ramani haipo. Hata hivyo, karibu kila dawa iliyomo humu ni ruhusa, na kila ruhusa ina mpokeaji wake. Kabla ya kubonyeza popote, jiulize ni nani kati ya hawa watatu anayepokea: Google, gari lenyewe kupitia kumbukumbu ya redio yake, au mtu atakayeketi kwenye kiti hicho baada yako. Wengi wanaojali faragha huitazama Google peke yake, na hao wawili waliobaki hupita mlango wa nyuma.

Lipo jambo la msingi la kuelewa kwanza. Tangu Android 10, programu ya Android Auto, ile inayopeleka ramani, muziki na simu kwenye skrini ya gari, huja ikiwa sehemu ya mfumo katika simu za kawaida, ikiwa na mamlaka ambayo programu nyingine hazipewi. Kwenye GrapheneOS mambo ni tofauti: unaipakua kutoka kwa duka la programu la GrapheneOS lenyewe, inasakinishwa kama programu nyingine yoyote, na mwanzoni haina mamlaka yoyote ya ziada. Mamlaka hayo yamegawanywa katika swichi nne ambazo huanza zikiwa zimezimwa: moja ni ya muunganisho wa kebo, ya pili ni ya muunganisho usio na waya, ya tatu ni ya kuelekeza sauti, na ya nne ni ya mazungumzo ya simu. Utazipata kwenye Mipangilio, ndani ya Programu, chini ya Sandboxed Google Play, kisha Android Auto. Ukurasa huo pia hutaja kinachokosekana na kukupeleka mahali pa kukirekebisha, kwa hiyo ufungue kabla ya kuanza kubahatisha.

Simu inachaji, lakini skrini ya gari haioni chochote

Anza na kebo. Kebo nyingi za bei nafuu zinazouzwa kando ya barabara zina nyaya za umeme pekee na hazina zile za kupitisha data, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na kebo kamili. Ichomeke kwenye kompyuta: ikiwa simu inachaji tu wala haitoi chaguo la kuhamisha faili hata baada ya kufunguliwa, umeipata sababu, na hakuna swichi yoyote itakayoiponya. Chagua kebo fupi isiyozidi mita moja. Angalia pia tundu la simu, hasa ikiwa simu hukaa mfukoni siku nzima, kwa maana nyuzi za nguo hujikusanya mle ndani zikazuia kichwa cha kebo kuingia hadi mwisho. Kijiti cha meno kikavu, simu ikiwa imezimwa, huzitoa bila kudhuru.

Ikiwa kebo ni nzima, sababu inayofuata ndiyo inayowapotezea watu saa nyingi zaidi, nami ilinipotezea jioni nzima. GrapheneOS, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa muunganisho wowote mpya wa data kupitia tundu la USB simu ikiwa imefungwa. Umeme unapita, data haipiti. Sasa fikiria mwenendo wa dereva wa kawaida. Anaingia garini, anachomeka simu ikiwa imefungwa, anawasha injini, na baada ya hapo ndipo anapoifungua simu. Muunganisho ulishakataliwa mapema, na mara nyingi hautarudi mpaka achomoe kebo na kuichomeka upya.

Hali hiyo hiyo hujitokeza katikati ya safari. Umeondoka Nakuru kila kitu kikifanya kazi vizuri, ukasimama Salgaa kuongeza mafuta, ukazima injini, redio ikapoteza umeme na muunganisho ukakatika. Wakati unalipa, simu ilijifunga yenyewe. Ukiwasha gari tena, skrini inabaki na nembo ya kampuni iliyolitengeneza, nawe unadhani programu imeharibika. Haijaharibika, imetii amri.

Dawa unayoweza kushauriwa na mtu mwenye haraka ni kubadilisha mpangilio huo ili tundu liwe wazi wakati wote. Nakusihi usifanye hivyo. Kinga hiyo imewekwa dhidi ya vifaa vinavyochomekwa kwenye simu iliyofungwa ili kujaribu kuchota yaliyomo, na inakulinda dukani kwa fundi, kwenye chaja ya hoteli usiyoijua, na siku simu itakapotoka mikononi mwako bila hiari yako. Badilisha mazoea badala ya mpangilio: fungua simu kwanza, chomeka kebo baadaye. Muunganisho ulioanza simu ikiwa wazi hauvunjiki simu ikijifunga baadaye, kwa hiyo hulazimiki kuiacha wazi safari nzima.

Wapo pia watakaopatwa na jambo hili Jumatatu asubuhi tu. GrapheneOS hujiwasha upya yenyewe ikikaa imefungwa kwa muda mrefu, saa 18 kwa mpangilio wa kawaida, na baada ya hapo haitashirikiana na gari wala na kifaa kingine chochote mpaka uingize nambari yako ya siri. Ikiwa simu ilikaa mezani wikendi nzima, ifungue kabla ya kutoka nyumbani.

Hatimaye, inawezekana gari lako halina uwezo huo kabisa. Magari mengi yanayoingia Kenya yametumika Japani, na kanuni inayokataza gari lililozidi umri wa miaka 8 bado inaruhusu mengi yenye redio za Kijapani zilizo na Bluetooth lakini zisizo na Android Auto. Tundu la USB kwenye redio hizo ni la kusomea muziki tu. Gari likiwa na matundu kadhaa, mara nyingi ni moja tu linalopitisha data, na mengine ni ya kuchaji.

Skrini inawaka, kisha Android Auto inasimama au inadai programu nyingine

Hapa gari limeiona simu, na sasa Android Auto ndiyo isiyoridhika. Washa swichi ya muunganisho wa kebo na ile ya kuelekeza sauti, ujaribu tena kabla ya kugusa zile mbili nyingine. Ikiwa bado inagoma, kwa kawaida inadai jamaa zake: huduma za Google Play, ambazo haiwezi kufanya kazi bila hizo, na pengine programu ya Google yenyewe, Google Maps, na ile ya kusoma na kutambua sauti.

Kwenye hatua hii ndipo mtu aliyeiacha Google kwa jitihada hujikuta amerudisha nusu ya nyumba yake. Ninafahamu uchungu huo, lakini kurudi huku si sawa na kule ulikotoka. Kwenye GrapheneOS huduma za Google Play zimo ndani ya mipaka ile ile ya programu nyingine zote: hazisomi nambari za utambulisho za simu, hazioni faili ambazo hukuzipa, wala hazifahamu ulipo mpaka uziruhusu. Unaweza kuinyima Google Maps ruhusa ya mahali na ruhusa ya mtandao, ikabaki imesakinishwa kama mgeni aliyefungiwa sebuleni, ilhali ramani unayoitumia kwa kweli ni nyingine. Programu ya Google vilevile inyime maikrofoni, ukikubali kupoteza amri za sauti. Mimi nimekubali, kwa sababu sauti inayoambiwa nipeleke Kakamega husafiri hadi kwenye seva za Google kabla gari halijaondoka.

Hata hivyo, sitaki msomaji aamini kwamba kuinyima programu mtandao ni ukuta usio na ufa. Programu zilizo katika wasifu mmoja wa simu zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe ikiwa pande zote mbili zimekubaliana, na programu za kampuni moja hazikosi kukubaliana. Google Maps isiyo na mtandao bado inaweza kuzungumza na huduma za Google Play zenye mtandao. Kwa hiyo ruhusa unayoinyima moja iangalie pia kwa mwenzake: ikiwa hutaki Google ijue ulipo, zinyime zote ruhusa ya mahali.

Kuhusu akaunti, duka la Play litakuomba uingie. Fungua akaunti ya kazi hii pekee, isiyo na jina lako kamili wala picha yako, na usiingize barua pepe yako ya kawaida kwa ajili ya kuharakisha mambo. Akaunti ya zamani yenye miaka 10 ya historia ikishaunganishwa, huduma zile zilizozungushiwa mipaka zinajua tena zinamhudumia nani.

Baada ya kila swichi unayowasha, simamisha gari mahali salama, ujaribu, na kama haikusaidia, izime kabla ya kuwasha nyingine. Watu huwasha zote nne kwa pamoja, tatizo likatoweka, na wasijue kamwe ni ipi iliyohitajika.

Muunganisho usio na waya unakataa au unakatika

Android Auto isiyo na waya huanza kwa Bluetooth, kisha huhamia kwenye Wi-Fi: redio ya gari hugeuka kituo cha mtandao, na simu hujiunga nayo ili kupeleka picha na sauti. Kwa sababu hiyo swichi yake hutoa mamlaka mapana zaidi kuliko ile ya kebo, kwa kuwa programu inahitaji kushika Bluetooth na Wi-Fi za simu kwa undani.

Sababu ya kawaida ya kukatika ni VPN, ile njia iliyofichwa inayobeba mawasiliano yako ya mtandao. Ikiwa umeweka kwamba hakuna kinachotoka bila kupitia VPN, mawasiliano kati ya simu na redio nayo huzuiwa, na skrini huzunguka duara la kusubiri bila kufika popote. Kuitoa Android Auto nje ya VPN hakutasaidia zuio hilo likiwa limewashwa, kwa sababu programu iliyotolewa nje hukosa mtandao kabisa. Kwa hiyo utalazimika kuchagua: ama ulegeze zuio kwa simu nzima, ama utumie kebo.

Tumia kebo. Sioni sababu ya kumpa mtu mamlaka makubwa zaidi na kuvunja kinga ya VPN kwa ajili ya kuepuka waya wa mita moja.

Ramani uliyoizoea haionekani kwenye skrini ya gari

Dereva mwenye simu ya namna hii kwa kawaida hutumia Organic Maps au OsmAnd, ambazo zote mbili huchota data kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na huweza kuonekana kwenye Android Auto. Kama umezisakinisha kutoka F-Droid, duka la programu huria, huenda zisionekane, ingawa kwenye simu zinafanya kazi bila kasoro. Sababu ni kwamba Android Auto huangalia programu ilitoka wapi, na kwa kawaida huonyesha zile tu zilizotoka kwenye duka la Play. Fungua mipangilio ya Android Auto, gusa neno la toleo mara kadhaa mpaka menyu ya wasanidi ifunguke, kisha uruhusu vyanzo visivyojulikana. Kwa programu nyingine hilo linatosha. Kama ramani bado imejificha, njia ya hakika ni kuiondoa na kuisakinisha upya kutoka duka la Play kwa akaunti ile ya kazi maalumu. Gharama yake ni kwamba Google itajua una ramani hiyo. Usakinishaji huo peke yake hauiambii unakwenda wapi nayo. Naona gharama hiyo inavumilika. Kwa OsmAnd, zingatia pia kuwa huduma ya Android Auto imo kwenye toleo la kulipia.

Ramani hizi zikionekana, huenda ukaulizwa kama unaziruhusu kusoma mwendo wa gari, kiwango cha mafuta au kilomita zilizotembewa. Android Auto ina njia ya kupitisha habari hizo kutoka kwenye gari kwenda kwa programu. Ramani haihitaji kujua tangi lina lita ngapi ili ikufikishe Kericho. Kataa.

Lipo pia lalamiko ambalo si hitilafu: ramani hizi hazikuonyeshi msongamano wa magari hapa kwetu. Ule mstari mwekundu unaouona kwenye Google Maps unatokana na mahali na mwendo wa simu za watu walio barabarani wakati huo huo. Kila anayeutazama, kwa kawaida, naye anachangia. Kwa mtu anayepita barabara ya Naivasha hadi Nakuru Ijumaa jioni, huo si upungufu mdogo, na sitamlaumu anayeamua kuifungua Google Maps kwa saa mbili hizo na kuifunga baadaye, mradi ameichagulia ruhusa ya mahali ya wakati wa kutumia tu. Kutoka Mau Summit kwenda Kisumu, mahali ambapo njia ya Eldoret na ile ya Kericho huachana, njia ni ile ile moja kupitia Kericho, Awasi na Ahero, na habari za msongamano hazitakupa barabara nyingine. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa nyumbani, na safari nzima haitahitaji bando wala mtandao.

Ramani ipo, lakini alama ya gari haisogei au iko mtaa mwingine

Simu za kawaida hukisia mahali ulipo kwa kuiambia Google ni mitandao gani ya Wi-Fi na minara gani iliyo karibu, ndiyo sababu hukuonyesha ulipo mara moja. Simu yako haifanyi hivyo kwa Google, kwa hiyo husubiri satelaiti. Kila satelaiti ya GPS hutangaza habari za njia yake polepole mno, kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, na habari zinazohitajika kutoka kwa satelaiti moja hurudiwa kila sekunde 30. Gari likiwa chini ya jengo la maegesho katikati ya mji, sekunde hizo 30 hukatizwa na kuanza upya, na unaweza kusubiri dakika kadhaa.

Kabla ya kukata tamaa, ingia kwenye mipangilio ya mahali uangalie kama hukuzima usaidizi wa satelaiti. GrapheneOS hutumia seva zake yenyewe kukupa utabiri wa njia za satelaiti, na hupitisha ombi la usaidizi wa mnara kupitia wakala wake badala ya kulipeleka moja kwa moja kwa Google. Kuna watu waliozima yote mawili kwa ari ya faragha. Ni haki yao, ila wajue kwamba wanalipa kwa kusubiri. Mimi nimeviacha vikiwa vimewashwa, na huwasha ramani kabla ya kufunga mlango wa nyumba ili simu iwe imeshapata anga nitakapofika kwenye gari.

Simu inaita kwenye gari, lakini sauti inabaki kwenye kipaza sauti cha simu

Mazungumzo ya simu, hata unapotumia kebo, hupitia Bluetooth. Kwa hiyo hitilafu hii huponywa sehemu mbili. Kwanza, angalia swichi ya nne ya Android Auto, ile ya mazungumzo ya simu. Pili, angalia kama Bluetooth imewaka kweli. GrapheneOS ina mpangilio wa kuizima Bluetooth yenyewe ikikaa muda bila kifaa kilichounganishwa, na ukiwa umeuwasha, gari likilala usiku kucha nawe ukisahau, asubuhi muziki utatoka kwenye gari na sauti ya mama mkwe itatoka mfukoni.

Hapa pia ndipo gari huomba kitu kikubwa kuliko vyote. Unapoliunganisha kwa mara ya kwanza, simu hukuuliza kama unaliruhusu gari kupata orodha ya majina na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Ombi hilo limekaa pamoja na kitufe cha kukubali muunganisho, na mkono huenda wenyewe. Ukikubali, redio hunakili orodha yote, na kwa redio nyingi nakala hiyo hubaki hata simu ikiwa haipo garini. Kipengele cha GrapheneOS cha kuchagua majina yatakayoonwa na programu fulani hakikusaidii hapa, maana anayetoa majina ni Bluetooth ya mfumo, si programu uliyoisakinisha.

Kama ulikwisha kukubali, gusa jina la gari kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth, uzime kipengele cha kushiriki majina, ukiache cha simu na cha sauti ya muziki. Matokeo yake ni kwamba simu ikiita, skrini itaonyesha nambari badala ya jina. Ni usumbufu wa kweli kwa mtu anayepigiwa na watu wengi kazini, na unaweza kuupunguza kwa kuandika kwa mkono nambari tatu au nne za watu wa karibu kwenye redio yenyewe. Majina mengine 600 yaliyo kwenye simu yako ni ya watu ambao hawakukuruhusu uyaache kwenye gari. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kuanikwa mambo yake na mawasiliano yake, na tangu 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Data. Mwenye gari la kazi anayehifadhi namba za wateja humo anapaswa kulitafakari hilo kwa makini.

Ujumbe unajitokeza kwenye skrini mbele ya abiria

Hili halina dalili ya kiufundi. Unaligundua kwa aibu. Nilikuwa nimewapa lifti watu wawili kutoka Ahero kuja Kisumu mjini, na tulipokaribia Nyamasaria ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Skrini ikauonyesha wote: kiasi kilichotumwa, jina la aliyenitumia, na mwishoni salio langu, senti kwa senti. Hakuna aliyesema neno. Wote wawili walikuwa wameusoma.

Sababu ilikuwa ruhusa ya ujumbe niliyoitoa kwa Bluetooth ya gari siku ya kwanza bila kuisoma. Ujumbe wa M-Pesa ni SMS kama nyingine, na redio haitofautishi kati yake na salamu za asubuhi. Zima ruhusa hiyo mahali pale pale ulipozima majina. Kwa upande wa Android Auto, ikatalie ruhusa ya kusoma arifa. Ramani, muziki na simu vitaendelea kama kawaida, na utakachopoteza ni kusomewa ujumbe ukiwa unaendesha, jambo ambalo barabara zetu hazijawahi kulihitaji.

Mifumo mingine

Kwenye LineageOS isiyo na programu za Google, Android Auto haitafanya kazi, na hakuna swichi uliyoisahau. Programu hiyo inahitaji kuwekwa pamoja na vifurushi vya Google ndani ya mfumo, yaani kwa mamlaka yale yale uliyokuwa ukiyakimbia. /e/OS hutumia microG badala ya huduma halisi za Google Play, na ina uwezo wa Android Auto. Kwa anayetaka kununua Pixel iliyotumika kwa ajili ya kazi hii, ajihadhari na zile zilizofungwa na kampuni za simu za Marekani kama Verizon, maana hazikubali kufunguliwa ili kuwekwa mfumo mwingine. Mwombe muuzaji akuonyeshe chaguo hilo kwenye mipangilio ya wasanidi kabla ya kulipa.

Umebadilisha redio, ukaweka ile kubwa yenye Android ndani yake

Mafundi wa redio hapa Nakuru na kule Kisumu huzifunga kwa wingi, na zinapendeza machoni. Kumbuka tu kwamba umeweka kompyuta nyingine ndani ya gari, mara nyingi yenye toleo la zamani la Android lisilopata masasisho ya usalama, na programu zilizowekwa kiwandani usizoweza kuziondoa. Hapo simu yako iliyolindwa inapeleka picha yake, sauti yake na kila unachogusa kwenye kifaa ambacho hakuna anayekilinda.

Dalili inayoletwa kwangu mara nyingi ni kwamba redio inaomba mtandao kila inapowaka, na mwenye gari anairushia bando kutoka kwenye simu ili inyamaze. Usifanye hivyo, wala usiingize akaunti yoyote ya Google humo, hata ile ya kazi maalumu. Itumie kama skrini tupu ya simu yako. Kama fundi aliingiza akaunti yake mwenyewe ili kupakua programu, mwombe aitoe mbele yako, kwa sababu vinginevyo ni yeye atakayekuwa na uwezo wa kuona mahali gari lilipo kama kipengele cha kutafuta kifaa kimewashwa.

Wenye magari mapya kabisa, yaliyo na laini yake ya mawasiliano kutoka kiwandani, wana tatizo ambalo simu haiwezi kulitatua. Mnamo Septemba 2023 Mozilla ilichunguza chapa 25 za magari kuhusu faragha, na hakuna hata moja iliyofaulu. Gari la namna hiyo hukusanya habari zake simu ikiwa nyumbani.

Majina yanabaki kwenye gari baada ya simu kuondoka

Gari nililolinunua lilikuwa limefika kutoka Japani na kukaa kwenye yadi kabla sijalichukua. Wiki ya kwanza nilifungua kitabu cha simu cha redio yake nikakuta orodha ndefu ya majina kwa maandishi ya Kijapani, kila moja na nambari yake, na kwenye ramani alama ya nyumba ikiwa imewekwa juu ya mtaa ambao sitaufikia maishani. Mwenye majina hayo alikuwa amefuta simu yake kwenye redio, maana haikuwemo kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kitabu kilikuwa kimebaki.

Kwa hiyo unaporudisha gari la kukodi, unapoliuza, au unapoliacha kwa fundi kwa siku kadhaa, kufuta muunganisho pekee hakutoshi. Futa gari kwenye simu, futa simu kwenye redio, futa historia ya ramani na alama ya nyumbani, kisha tafuta kwenye mipangilio ya redio chaguo la kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Ikiwa menyu ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu nyingine yenye programu ya kutafsiri, au mwombe fundi anayezijua redio hizo. Ukimaliza, zima injini, uiwashe tena bila simu yako kuwa karibu, ufungue kitabu cha simu na orodha ya simu zilizopigwa. Jina hata moja likionekana, rudia kufuta kabla ya kukabidhi ufunguo.